Mume na mke mnalipwa laki nne Nairobi na hazitoshi: pigeni hesabu hivi

Anzeni na hati za mshahara, si barua za ajira. Tuseme kila mmoja analipwa shilingi 200,000. Kwa viwango vya 2025, NSSF (pensheni ya lazima) inachukua 4,320, SHIF (bima ya afya) 5,500 (asilimia 2.75) na ushuru wa nyumba 3,000 (asilimia 1.5). Jumla ni 12,820, na huondolewa kabla PAYE, kodi ya mshahara, haijakokotolewa. Kwenye 187,180 iliyobaki, PAYE ni 48,537 baada ya kupunguziwa nafuu ya kodi ya 2,400. Kila mmoja anabaki na 138,643 mkononi, nyote wawili 277,286. NSSF imekuwa ikipanda kila Februari, kwa hiyo rudieni hesabu kwa hati ya mwezi huu.

Kinachobana ni kwamba kiwango cha asilimia 30 kinaanzia shilingi 32,333 tu kwa mwezi. Mwenye mshahara huu akiongezwa 1,000, zinazofika nyumbani ni 670. Mkiahidiwa nyongeza, izidisheni kwa 0.67 kabla hamjatafuta nyumba kubwa zaidi.

Sasa matumizi. Chukueni taarifa za benki na za M-Pesa (zinaombwa kupitia *334#) za miezi 12 kamili. Mitatu haitoshi, kwa sababu inaweza kuangukia katikati ya muhula na kuficha karo. Huu hapa mfano wa familia yenye watoto wawili: kodi ya nyumba 75,000, chakula na vitu vya nyumbani 50,000, gari 30,000, msaidizi wa nyumbani 18,000, stima, maji na intaneti 14,000, wazazi na michango 30,000. Hizo ni 217,000. Karo ni 90,000 kwa kila mtoto kwa muhula, yaani 540,000 kwa mwaka, sawa na 45,000 kwa mwezi. Jumla 262,000. Zinabaki 15,286.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Hakuna mwezi unaodai 45,000 za karo. Kuna miezi tisa inayodai sifuri, na akaunti inaonyesha ziada ya 60,000. Ziada hiyo inaliwa: viti vipya, safari ya Mombasa, harusi ya binamu. Januari inafika na 180,000 kwa mpigo, matumizi yanakuwa 397,000, na pengo la karibu 120,000 linazibwa kwa mkopo wa simu au wa sacco. Mkopo unalipwa hadi muhula wa pili, na pengo lingine linafunguka. Familia inajiona maskini mwaka mzima ilhali mapato ya mwaka yanatosha matumizi ya mwaka. Dawa ni akaunti ya pili isiyounganishwa na simu, na agizo la kudumu benki la 45,000 siku moja baada ya mshahara kuingia.

Je, ninyi ni tabaka la kati? Shirika la Takwimu, KNBS, katika kupima bei za Nairobi, limekuwa likihesabu kaya kuwa ya kati ikiwa matumizi yake ya mwezi ni takriban 46,000 hadi 184,000. Mipaka hiyo ilianza kutumika 2020 na bei zimepanda sana tangu hapo, lakini hata mkiipandisha kwa asilimia 40, wa juu unafika 258,000 hivi. Kaya ya mfano wetu imeshaupita. Kubanwa kwao ni kwa kweli, ila kunatokana na kununua binafsi shule, usafiri na mara nyingi maji, pamoja na kutunza kaya zaidi ya moja.

Pimeni pia kwa idadi ya watu. Gawanyeni pesa za mkononi kwa kipeuo cha pili cha wanakaya: watu 4, gawa kwa 2, mnapata 138,643. Mnaishi kiwango kimoja na mtu asiye na familia anayelipwa 200,000. Nyanya na mpwa wakihamia kwenu, mko 6, kiwango kinashuka hadi kama 113,000 hata kama bei hazikusonga.

Mkitaka kupunguza, msianze na chai ya kazini. Kuhamia nyumba ya 60,000 kunaokoa 180,000 kwa mwaka, karo nzima ya muhula mmoja kwa watoto wote wawili. Lakini pimeni nauli kwanza: nyumba nafuu inayodai gari la pili ni hasara. Za wazazi zisikatwe kimyakimya. Afadhali kuwaambia kiasi na tarehe, kisha michango ya dharura iwe na kikomo chake.

Akiba ya miezi mitatu, 786,000 kwa mfano huu, itangulie pensheni ya hiari. Baada ya hapo pensheni inalipa: michango hadi 30,000 kwa mwezi, NSSF ikiwemo, haitozwi kodi, hivyo kila 10,000 mnayoweka inapunguza mkononi 7,000 tu. Kwa NSSF ya 2025, nafasi iliyobaki kwa kila mmoja ni 25,680.