Theluji Ikiziba Mashine, Mkono Usiingie

Mashine kubwa ya petroli ya kurusha theluji ina sehemu mbili za kuziogopa. Mbele kuna parafujo kubwa inayozunguka polepole na kuikusanya theluji. Nyuma yake imejificha feni ya chuma, na hiyo ndiyo inayokwenda kasi na kuirusha theluji nje kupitia bomba. Parafujo unaiona, ndiyo maana unaikwepa. Feni huioni, na ndiyo inayokata vidole.

Hatua ya 1: Kabla ya kuwasha. Okota mawe, vijiti, kamba na mkeka wa mlangoni kabla theluji haijaanguka, maana ikishafunika hutaviona tena. Petroli ijazwe injini ikiwa baridi, nje ya nyumba. Usiungurumishe mashine gerejini hata kama mlango uko wazi; moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu. Vaa buti zenye meno na kinga ya masikio. Skafu inayoning'inia iache ndani.

Hatua ya 2: Ipoze. Mashine iliyolala kwenye joto huyeyusha theluji ya kwanza inayoigusa, kisha maji hayo huganda ndani ya bomba. Iache nje dakika chache. Mimi pia hupulizia silikoni ya kopo ndani ya bomba, injini ikiwa imezimwa.

Hatua ya 3: Injini juu, magurudumu polepole. Wageni wa mashine hii hufanya kinyume: hushusha kasi ya injini wakidhani ndiyo usalama. Feni ikikosa kasi, theluji haifiki nje, inajishindilia bombani. Theluji nzito yenye maji, ile ya karibu na nyuzi 0, ichukue kwa nusu ya upana wa mashine. Injini ikianza kuguna, punguza mwendo wa magurudumu. Bomba lisielekee watu wala madirisha, na kwenye mteremko panda na kushuka, usikate kwa ubavu. Wenzo wa usalama ukiuachia, parafujo husimama. Kuufunga kwa kamba ili mkono upumzike ni kujitafutia balaa.

Hatua ya 4: Ikiziba. Dalili ni theluji kudondoka mdomoni mwa bomba badala ya kuruka. Achia wenzo, zima injini, toa ufunguo, kisha chomoa waya wa plagi ya injini. Mashine ya umeme ichomoe kwenye soketi, ya betri toa betri. Subiri mpaka kila kitu kisimame kabisa.

Sasa chukua kijiti cha kuzibulia. Mashine nyingi huja nacho, kimebanwa juu ya sanduku la mbele. Kama hakipo, mpini wa ufagio unatosha. Simama pembeni, vunja theluji kidogo kidogo kuanzia juu ya bomba, halafu hamia kwenye parafujo ya mbele.

Injini imezimwa, lakini hatari haijaisha. Mkanda unaozungusha feni, na feni yenyewe, vilivyokwama huweza kubaki vimekaza kama springi, na theluji ikiachia, feni hujigeuza. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa nimefuata yote hayo, nikachokoa kwa mpini. Kukasikika "ta!" moja tu. Mpini ukatoka na ncha iliyomenyeka, na mimi nilikuwa nimekaribia kuvua glovu nitumie mkono kwa sababu mpini ulinichelewesha.

Hatua ya 5: Parafujo ikigoma. Kama theluji imetoka na upande mmoja bado hauzunguki, angalia pini yake. Imetengenezwa ikatike jiwe linapokwama, ili giaboksi isivunjike. Weka pini ya aina hiyo hiyo. Bolti ngumu ya kawaida haitakatika. Kitakachovunjika ni giaboksi.

Hatua ya 6: Kumaliza. Acha parafujo izunguke kidogo baada ya theluji kuisha ili iteme mabaki. Kisha zima na ufagie bomba kwa kijiti kile kile, kabla hayajaganda.