Ukuta kwa Kijerumani: Wand, Mauer au Wall?
Kama unajifunza Kijerumani kupitia Kiingereza, shika hili mapema: neno moja la Kiingereza, wall, huku linagawanyika mara tatu. Ukuta wa chumba, ule unaoutundikia picha, ni die Wand. Ukuta wa mawe au matofali unaosimama wenyewe nje, wa kuzungushia ua au mji, ni die Mauer. Ndiyo maana ule wa Berlin, uliojengwa 1961 na kufunguliwa 1989, ni Mauer. Hata wachezaji wanaojipanga kuzuia mpira wa adhabu ni Mauer. Lakini ukuta wa tumbo au wa seli ni Wand.

Mtego uko kwenye der Wall. Linaandikwa sawasawa na lile la Kiingereza, ila maana yake ni tuta la udongo la kujihami, kama yale yaliyozunguka ngome za kale. Usilitumie kwa nyumba kabisa.

Mimi hukumbuka hivi: Wand lina undugu na winden, yaani kuzungusha au kusokota, kwa sababu zamani kuta zilisukwa kwa fito kisha zikakandikwa udongo. Nikifikiria kiambaza cha nyumba ya udongo, neno linakuja lenyewe.