Kuboresha Kompyuta ya Gemu kwa Bajeti Finyu: Pima Kwanza, Dukani Baadaye

Mwenye hela nyingi anaweza kubahatisha. Akikosea kadi, anauza na kuchukua nyingine. Wewe unayenunua kifaa kimoja baada ya kujibana kwa miezi huna nafasi hiyo, kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kupima. Kazi yangu ni kutengeneza na kuboresha kompyuta za watu, na ninachokiona mara nyingi kinaniuma: mtu kanunua kadi nzuri ya grafiki, kumbe kilichokuwa kinaikwamisha mashine ni ramu au prosesa. Hela imekwenda, gemu bado inakwama.

Hatua ya 1: Orodhesha ulichonacho

Andika majina kamili ya prosesa, madabodi, ramu na kadi ya grafiki. Programu ya CPU-Z ni ya bure na inakuonyesha karibu yote. Pawa saplai haisomwi na programu, hivyo fungua ubavu wa kesi usome lebo yake kwa macho. Ukiwa hapo, pima kwa rula urefu uliopo kati ya sehemu ya nyuma inakofungwa kadi na feni za mbele, ujue kadi ya urefu gani itaingia.

Andika pia rezolusheni ya skrini na hezi zake (mara ngapi inabadilisha picha kwa sekunde). Skrini ya hezi 60 haiwezi kukuonyesha fremu zaidi ya 60 kamili kwa sekunde, hivyo hakuna haja ya kulipia kadi ya kutoa 140.

Hatua ya 2: Tafuta kinachobana

Hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote, na haikugharimu kitu. Weka MSI Afterburner pamoja na RivaTuner, programu za bure za kupima, kisha ziagize zionyeshe juu ya gemu: fremu kwa sekunde, matumizi ya kadi, matumizi ya kila kiini cha prosesa, kumbukumbu ya kadi (VRAM), ramu na joto. Zima V-Sync (inayofunga fremu zisizidi hezi za skrini) na kikomo chochote cha fremu. Fungua gemu unayoicheza kila siku, siyo ile unayotarajia kuicheza, uende sehemu yenye vurugu nyingi.

Kadi ikiwa kwenye asilimia 95 hadi 99 muda wote, kadi ndiyo inayobana. Ikiwa inaelea kwenye 60 huku fremu ni chache, kadi inasubiri kazi kutoka kwa prosesa. Hapa wengi hudanganyika na namba ya jumla ya prosesa. Prosesa yenye viini vingi inaweza kuonyesha asilimia 35 tu kwa jumla ilhali kiini kimoja kimejaa hadi juu, na gemu nyingi hutegemea sana kiini hicho kimoja.

Kuondoa shaka, shusha rezolusheni kutoka 1080p hadi 720p, usimame palepale. Fremu zikipanda sana, tatizo ni kadi. Zikigoma kupanda, hata kadi ya bei mara tatu haitakusaidia. Na kama VRAM imejaa na gemu inashtuka-shtuka kila unapogeuka, jaribu kwanza kupunguza ubora wa textures (picha zinazofunika vitu ndani ya gemu).

Angalia na joto. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 95 hadi 100 hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Mashine ya namna hiyo safisha vumbi na ubadilishe ile pesti inayopakwa kati ya prosesa na feni yake, kisha upime upya.

Hatua ya 3: Maliza vya bure

Hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi ya grafiki, maana wapo wanaochomeka kwenye madabodi bila kujua. Hakikisha Windows imewekwa hezi ambazo skrini yako inaziweza.

Kisha fungua CPU-Z, ukurasa wa Memory, uangalie DRAM Frequency. Namba hiyo ni nusu ya kasi inayoandikwa kwenye boksi. Ukiona 1600, ramu yako inakwenda kwa 3200. Ukiona 1066 au 1200 na ulinunua ramu ya 3200, unatumia kasi ya chini iliyowekwa kiwandani kwa usalama. Ingia BIOS (mipangilio ya madabodi inayofunguliwa mashine inapowaka) uwashe XMP, inayoipa ramu kasi yake kamili (kwenye mashine nyingine ni DOCP au EXPO). Dakika chache tu, na kwa prosesa za Ryzen utaona tofauti kwenye gemu.

Tazama pia ramu zimekaa wapi. Madabodi yenye nafasi nne kwa kawaida hutaka ramu mbili zikae nafasi ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa, ili njia zote mbili zifanye kazi pamoja.

Hatua ya 4: Ramu

Kwa gemu za sasa lenga GB 16, kwa maana ya mbili za GB 8, wala si moja ya 16. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Pengo la kwenye pini limehamishwa makusudi. Ukiwa na GB 8 moja tu, hapa ndipo pa kuanzia kabla ya kuwaza kadi.

Hatua ya 5: Prosesa

Kanuni yangu kwenye bajeti finyu ni kubaki na soketi uliyonayo, yaani aina ya nafasi inakokaa prosesa kwenye madabodi. Ukibadilisha soketi umeingia gharama ya madabodi, na pengine ramu pia.

Wenye AM4, soketi ya prosesa za Ryzen za AMD, wana bahati. Mtu aliyenunua Ryzen 5 1600 mwaka 2017 mara nyingi anaweza kuitoa na kuweka Ryzen 5 5600 au 5700X3D kwenye madabodi ileile. Fungua kwanza ukurasa wa madabodi yako kwa mtengenezaji, tafuta orodha ya prosesa inazozikubali na toleo la BIOS linalohitajika. Sasisha BIOS wakati prosesa ya zamani bado imo ndani. Ukiitoa kabla, mashine inaweza isiwake kabisa.

Upande wa Intel, soma kwa makini. Kizazi cha 6 na 7 vinatumia soketi iitwayo LGA1151, na cha 8 na 9 vinaitwa hivyohivyo, lakini madabodi ya kizazi cha 7 haikubali prosesa ya kizazi cha 8. LGA1200 ni ya kizazi cha 10 na 11, na LGA1700 ni ya 12, 13 na 14. Kumbuka pia kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai rasmi TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine) na Intel kuanzia kizazi cha 8 au Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000, kwa sehemu kubwa. Kuweka hela mpya kwenye kizazi cha 7 leo sikushauri.

Hatua ya 6: Kadi ya grafiki

Hapa ndipo fungu kubwa la bajeti linapokwenda, basi tulia. Kwa 1080p, chukulia GB 8 za VRAM kuwa mwanzo. Kadi kama RX 6600 inafaa sana kwa mashine ya kawaida: GB 8, umeme kiasi cha wati 132, kiungo kimoja cha pini 8. RTX 3060 ya GB 12 iliyotumika nayo ni nzuri ukiipata kwa bei ya karibu na hiyo.

Jihadhari na kadi zilizopunguzwa njia. RX 6500 XT hutumia njia nne tu za PCIe (kiungo kati ya kadi na madabodi) na ina GB 4. Kwenye madabodi ya PCIe 3.0 inashuka nguvu waziwazi, na mashine za zamani ndizo hasa za PCIe 3.0. Intel Arc B580 ina GB 12 na inavutia, lakini inahitaji Resizable BAR (mpangilio wa BIOS unaoiruhusu prosesa kuifikia VRAM yote kwa pamoja), na prosesa dhaifu huivuta chini. Kwa mashine ya zamani, iache.

Jambo jingine: baadhi ya gemu mpya, kama Indiana Jones and the Great Circle ya 2024, zinadai kadi yenye ray tracing (uwezo wa kukokotoa miale ya mwanga) ndani yake. Hapo GTX 1080 Ti haitoshi, ingawa ina GB 11. Upande wa Nvidia anza na RTX, upande wa AMD anza na mfululizo wa RX 6000.

Ukinunua iliyotumika, omba uione ikifanya kazi. Fungua GPU-Z, programu ya bure ya kusoma taarifa za kadi. Kwa kadi nyingi bandia za Nvidia, zile zilizobadilishwa jina, programu hii huandika FAKE mbele ya jina. Kwa RX 580 hesabu ya Shaders iwe 2304. Ukiona 2048 ni toleo dhaifu zaidi, na bei ishuke. Endesha gemu nzito kwa nusu saa, sikiliza feni, angalia joto na vidoa vya rangi kwenye skrini. Skurubu zilizokwaruzwa zinasema kadi imeshafunguliwa. Hilo peke yake si dosari, ila uliza kwa nini.

Hatua ya 7: Pawa saplai

Usiangalie wati kubwa zilizoandikwa ubavuni. Tafuta mstari wa 12V kwenye lebo: zidisha ampea zake kwa 12, upate wati ambazo kadi na prosesa zitagawana. Ampea 25 ni wati 300 tu, hata kama boksi linadai 500. Nafasi ya PCIe hutoa wati 75, kiungo cha pini 6 wati 75, cha pini 8 wati 150. Alama ya 80 Plus inapima upotevu wa umeme. Haisemi kama saplai ina kinga nzuri.

Usichanganye nyaya za pawa saplai moja na nyingine, hata zikichomeka vizuri. Upande wa saplai mpangilio wa pini hutofautiana, na waya usio wake unaweza kuunguza diski na madabodi kwa mpigo mmoja.

Kompyuta ndogo za ofisini mara nyingi zina saplai ya umbo lake na hazina nyaya za kadi. Kwa hizo tafuta kadi isiyohitaji kiungo cha ziada, kama RTX 3050 ya GB 6 yenye wati 70, na ukague kama kesi inahitaji kadi yenye kimo kifupi (low-profile).

Hatua ya 8: SSD

Kama bado gemu ziko kwenye diski ya kuzunguka, hamishia kwenye SSD. Fremu hazitaongezeka, ila kusubiri kutapungua sana, na Starfield, kwa mfano, inaitaja SSD kama sharti. Ya SATA, inayounganishwa kwa waya, inatosha. Ukichukua ya M.2, ile ndogo bapa inayochomekwa kwenye madabodi yenyewe, kagua kama nafasi yako ni ya NVMe (aina yenye kasi zaidi) au ya SATA.

Hatua ya 9: Funga, pima tena

Funga kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Kwa kadi mpya, futa draiva za zamani kwa DDU, programu ya kazi hiyo, kwanza. Rudi kwenye gemu ileile na sehemu ileile ya hatua ya 2, ulinganishe namba. Kifaa cha zamani usikiuze siku hiyohiyo: kaa nacho hadi kipya kimalize siku kadhaa za kucheza bila kuzima ghafla, halafu kiuze hela iingie kwenye fungu la kifaa kinachofuata.