Kumuua panya wa maabara kwa gesi bila kumtesa: hatua kwa hatua

Aliyenifundisha kazi hii alifungua mtungi wa kaboni dioksidi mpaka mwisho. Panya walizunguka kizimba mbio, wakisugua pua kwa mikono yao midogo. Nikadhani ndivyo inavyokuwa. Sivyo. Gesi hii ikikutana na unyevu wa pua na macho hugeuka asidi, na ikija kwa wingi panya akiwa bado ana fahamu, humchoma. Kwanza apoteze fahamu, ndipo afe.

Mwongozo huu ni wa panya weupe wadogo, na ni wa waliokwisha kufunzwa na wenye kibali cha kamati ya maadili.

Hatua ya 1: Waache kwenye kizimba chao walichozoea. Usiwachanganye na wageni, wala usiwaue mbele ya wenzao.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya gesi. Kizimba cha sentimita 30 kwa 20 kwa 15 kina ujazo wa lita 9. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Mifugo cha Marekani wa 2020 unataka gesi iingie kwa asilimia 30 hadi 70 ya ujazo kila dakika, yaani hapa lita 2.7 hadi 6.3. Mimi huweka 3. Karatasi nyingi ukutani bado zinasema asilimia 10 hadi 30, kiwango cha mwongozo wa 2013, zibandue. Mtungi uwe na regyuleta, yaani kifaa cha kupunguza mgandamizo wa gesi, na kipimo cha mtiririko, maana mlio wa gesi haukupi kiwango. Usijaze kizimba gesi kabla ya kuwaweka panya. Barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa, usiitumie kabisa. Na madirisha yawe wazi: gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na wewe pia unavuta pumzi humo humo.

Hatua ya 3: Fungua, kaa hapo, tazama. Panya atahema haraka, atayumba, atalala ubavu. Pumzi ikikoma, acha gesi iendelee walau dakika 1 nyingine.

Hatua ya 4: Thibitisha kifo cha kila mmoja. Hapa ndipo haraka hutuponza, kwani panya aliyezimia tu anaweza kuzinduka ndani ya mfuko wa taka au kwenye friza, na sijui mateso makubwa kuliko hayo. Mshike kifua kati ya kidole gumba na cha shahada, nyuma kidogo ya viwiko, utulie. Moyo wake ni mdogo kama punje ya maharage, lakini ukipiga utausikia kwenye ncha za vidole. Usiposikia kitu, bado malizia kwa njia ya pili: kumtegua shingo, kama umefunzwa, au kumfungua kifua.

Vitoto vichanga havifuati muda huu. Vimezoea hewa kidogo tumboni, na cha siku ya kwanza kinaweza kuhitaji hadi dakika 50 ndani ya gesi.