Kabla hujauangusha mruka

Mkulima wa mteremko wa Kilimanjaro huangusha mruka wake wa mwisho, mti mkubwa wa kivuli, labda kwa ajili ya mbao, labda apate nafasi ya mahindi. Misimu miwili mitatu ikipita, anakuja kuuliza kwa nini kahawa imekuwa njano. Mimi humuuliza: majani yaliyokuwa yakidondoka hapo chini, sasa yanatoka wapi?

Kihamba, yaani shamba la mchanganyiko la Wachagga, kina ghorofa. Juu kabisa kuna miruka, miringaringa na misesewe. Chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi, maharage na majani ya ng'ombe. Mwaka 2011 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ililitambua eneo la kihamba la Shimbwe Juu, hapa Kilimanjaro, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Heshima hiyo ni njema, lakini haitakuokoa usipojua kila ghorofa inafanya kazi gani.

Mruka ni wa jamii ya mikunde. Kwenye mizizi yake wanaishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuigawia miti. Naitrojeni hiyo huingia kwenye majani, majani hudondoka, minyoo na kuvu huyaozesha, na mizizi ya kahawa inayotambaa karibu na uso wa udongo hukuta chakula tayari. Mgrivilea nao una majani mengi na kuni nzuri, ila haunasi naitrojeni. Ukiupanda badala ya mruka, ujue umepata kivuli na umepoteza mbolea.

Sasa twende bandani, maana hapa ndipo mali nyingi inapotelea. Ng'ombe wa ndani anakula majani na vigogo vya migomba, na kinachotoka kwake kinatakiwa kurudi mgombani. Wengi hurudisha kinyesi tu na kuacha mkojo utiririke mtaroni. Ndugu mkulima, karibu potasiamu yote anayoitoa ng'ombe imo kwenye mkojo, pamoja na sehemu kubwa ya naitrojeni, na mgomba ni mlafi wa potasiamu kuliko karibu zao lolote ulilo nalo. Tandika majani makavu au maranda yanyonye mkojo huo. Yakilowa, yapeleke kwenye shimo la samadi lililoezekwa, hata kwa majani ya migomba. Samadi iliyoachwa wazi hupoteza naitrojeni kwa jua, na mvua husafirisha kilichobaki hadi kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji, wa jirani.

Tena kumbuka kwamba kila mkungu unaopanda gari kwenda sokoni unaondoka na potasiamu ya shamba lako. Anayeuza ndizi nyingi anahitaji kurudisha zaidi ya yule anayekula nyumbani. Maganda, majivu ya jikoni na vigogo vilivyokatwakatwa vyote virudi shambani.

Kwenye vigogo kuna tahadhari. Fukusi wa migomba, wadudu wanaotoboa shina, hutaga na kujificha kwenye mashina yaliyokwisha kuvunwa, hivyo kisiki kikate usawa wa ardhi na kigogo ukipasue vipande vidogo vikauke upesi. Matandazo yatandaze shamba zima, lakini yaache mbali kidogo na shina lenyewe. Mtego ni rahisi: pasua kipande cha kigogo, kilaze upande uliokatwa ukitazama chini, asubuhi kiinue uwaokote fukusi na kuwaua.

Kwenye kahawa, kimatira, mdudu anayefyonza kahawa, anapenda mti wenye majani yaliyosongamana. Punguza matawi, ingiza mwanga, utakuwa umemnyima makao bila kununua chochote. Wapo pia nyigu wadogo sana, wasioonekana kirahisi, wanaotaga ndani ya mayai yake na kuyaua. Dawa inayopulizwa shamba zima kwa ratiba ya kalenda huwaua nyigu hao pia, na kimatira akirudi hakuna wa kumzuia. Chunguza miti kwanza, upulize pale tu wadudu wamezidi. Kwa chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na kutu ya majani, dawa bora ni mche: tafuta aina zinazostahimili zilizotolewa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, Lyamungu.

Kuna jambo ambalo wanaosifu kihamba hulisahau, nami linaniuma. Kihamba hakijitoshelezi. Mabua na majani ya ng'ombe hupandishwa kutoka mashamba ya mahindi ya tambarare, na rutuba ya huko huishia mlimani kila mwaka. Shamba la chini linachoka kimyakimya huku migomba ya juu ikinawiri. Acha sehemu ya mabua huko huko, changanya mahindi na mbaazi au kunde, na angalau safari moja gari lililoleta mabua lishuke na samadi.

Kuhusu kivuli, simama katikati ya kahawa saa sita mchana utazame chini. Ukiona madoa ya jua yamechanganyika na kivuli, acha kama kulivyo. Ukiona giza tupu, kahawa itarefuka bila kuchanua vizuri, kwa hiyo punguza matawi ya mruka kabla ya masika. Matawi manene yaende jikoni, majani yabaki pale pale yalipoangukia.