Somo: Kuipumzisha injini ya boti omena ikifungwa

Wenzangu wa Dunga, hapa Kisumu kando ya Ziwa Victoria, uvuvi wa omena (dagaa) hufungwa kila mwaka tangu tarehe 1 Aprili mpaka Julai iishe. Injini nyingi ninazoletewa Agosti hazikuharibikia ziwani. Zimeharibikia nyumbani, petroli ilipokaukia kwenye kabureta ikawa utomvu. Nazungumzia hizi ndogo za kuchanganya oili na petroli.

Itumbukize kwenye pipa la maji safi, yapite lile bapa lililo juu ya propela. Iwashe ingurume polepole dakika 10, itapike matope. Maji yasiporuka kwenye kitundu cha nyuma, zima mara moja; mara nyingi ni impela, ile ya kusukuma maji ya kupoza injini, imechoka. Yakiruka vizuri, chomoa mpira wa mafuta ikiwa bado inanguruma, uiache izimike yenyewe. Wengi huiacha hatua hii, kisha hunilipa mimi.

Ikipoa, fungua plagi, tia kijiko cha chai cha oili kila silinda, vuta kamba taratibu mara 4 au 5, rudisha plagi.

Sasa gia. Fungua skrubu ya chini, halafu ya juu. Oili ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia, na kwa kawaida ni uzi wa wavu uliojisokota nyuma ya propela ukakata sili, ule mpira unaozuia maji. Toa propela uangalie, upake shafti girisi. Oili mpya huingilia tundu la chini mpaka itokeze juu. Funga la juu kwanza. Nikiwa mwanagenzi niliimimina kutoka juu, hewa ikabaki ndani, gia zikasagika. Mwenye injini hajanisamehe.

Isimamishe wima, uifunike gunia. Nailoni hufungia unyevu. Sasa maswali yenu.

Fundi, petroli iliyobaki kwenye tangi niiweke?
Usiiweke, na usimuuzie mtu wa bodaboda, ina oili hiyo. Mpe mvuvi wa mbuta (sangara), anatoka kila siku.

Nyumba yangu ndogo, siwezi kuilaza?
Ilaze, ila kwanza maji yote yachuruzike, na kichwa cha injini kiwe juu kuliko gia. Kikiwa chini, maji yaliyobaki huteremkia kwenye silinda.

Na boti yenyewe, baba? Ni ya mbao.
Ivute nchi kavu, ipindue chini ya mti. Ukiiacha juani mbao zitakauka ziachane, na Agosti utashinda ukikumba maji.