Huna chuo? Pepa yako ya utafiti wa fizikia inachapishwa tu

Kama unafanya fizikia mwenyewe bila chuo nyuma yako, usikimbilie yale majarida yanayokutumia imeili yakitaka dola kwanza, mengi yanavuna hela tu na inauma kuona kazi nzuri inapotelea huko. Fungua ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti, ni bure, halafu weka andiko Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, unapata DOI, yaani namba ya kudumu ya andiko lako, bila kulipa na hakuna anayekuuliza umeajiriwa wapi. arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya maandiko ya utafiti, nayo bure ila mgeni mara nyingi anatakiwa awe na mdhamini wa fani hiyohiyo, yaani mtafiti wa kumthibitisha, si wa kumlipia, basi mwandikie mtu ambaye kazi yake umeisoma na kuinukuu kweli, kwa ufupi, ambatanisha PDF. Na kama ni fizikia ya chembe, jarida la JHEP halimtozi mwandishi, SCOAP3, ushirika wa maktaba na taasisi za utafiti, ndo inalipa.